Barua Namba 118

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Juzi Jumanne, tarehe 4 Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi, nimepoteza kliniki ya magonjwa ya damu niliyoijenga kwa miaka kumi na tisa. Nimeanza na hilo ili usije ukasema hukujua barua inahusu nini.

Sasa salamu. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mwili mzima. Presha nimejipima asubuhi, mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili, kwa hiyo atakayekwambia dada yako ameandika akiwa amepandwa na jazba, mwonyeshe hizo namba.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na pia neno la simu halina tarehe wala muhuri. Barua hii nitampa wifi mkononi. Usimlaumu, nitamkuta sokoni, na hawezi kukimbia na kikapu.

Ilikuwa hivi. Siku hiyo nilikuwa na wagonjwa sitini na wanne kwenye benchi. Nimeshaona ishirini na mmoja, akaingia katibu muhtasi wa mkurugenzi na bahasha. Nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Nikamwambia, "Sawa mama, naomba niwamalize hawa arobaini na watatu." Akasema, "Profesa, wameniambia ni sasa hivi." Mlinzi akanisindikiza hadi getini. Mwanawe ni mgonjwa wangu tangu ananyonya, basi njia nzima baba wa watu alikuwa anatazama viatu vyake.

Wanasema nilisoma vibaya kwenye darubini vioo vya uboho wa mifupa vya watoto wawili. Mtoto wa fundi cherehani, ambaye alikuwa na upungufu wa damu tu, alipewa dawa kali za saratani siku tisa. Mtoto wa dereva wa lori, mwenye saratani yenyewe, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Yametokea kweli, sikatai. Ila wewe ndiye mtunza stoo wa hospitali, na unajua yaliyotangulia.

Kioo cha damu kabla hakijatiwa rangi kinazamishwa kwenye spiriti. Wino unayeyuka humo kama sukari kwenye chai. Penseli haitoki. Ndiyo maana namba ya mgonjwa huandikwa kwa penseli, pembeni mwa kioo palipokwaruzwa. Hilo nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa, naosha vioo kwenye maabara hiyo hiyo, kabla sijajua kama mtu kama mimi anaweza kuitwa daktari, sembuse profesa. Halafu tarehe 6 Januari mkurugenzi mpya akapiga marufuku penseli. Alisema hospitali ya rufaa haiwezi kuandika kama darasa la pili. Ukaleta maka peni za wino, maboksi arobaini.

Tarehe 9 Januari saa nane mchana nilikuletea barua kwamba wino huo unatoka, na siku moja tutampa mtu ugonjwa wa mwenzake. Uligonga muhuri, ukaandika juu yake namba 118, ukacheka ukaniita Profesa wa Penseli. Nami nilicheka.

Leo mkurugenzi anasema barua hiyo haijawahi kufika. Nakala yangu ninayo lakini haina muhuri, naye anadai nimeichapa baada ya mambo kuharibika. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi, tarehe 10 Aprili. Naitaka ile yenye muhuri.

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Pole sana, tena sana. Siku ile niliposikia nilishindwa kula, muulize wifi yako. Sisi hatujambo, isipokuwa kitinda mimba ana mafua, anapiga chafya mpaka paka anahama chumba. Mama anakusalimu. Anasema kama umesimamishwa kazi basi sasa una nafasi ya kuja kumkanda magoti.

Kuhusu simu, ilikuwa na tatizo la chaji.

Dada, nimepekua daftari la barua zinazoingia, nikalirudia tena kwa miwani ya bosi. Yako haimo. Ipo 117 ya mafundi bomba, inafuata 119 ya watu wa mapazia. Labda uliipeleka masjala kuu ukadhani umeniletea mimi? Unakuwa na mambo mengi, dada, hilo hata wewe unalijua.

Halafu niseme jambo, usinikasirikie. Aliyesaini ile ripoti ya vioo si kalamu. Ni wewe. Mimi nanunua vitu ninavyoambiwa ninunue. Nikiambiwa nilete maka peni naleta, nikiambiwa nilete tembo nitauliza tu awe wa rangi gani. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina elimu yako.

Mkurugenzi si mtu mbaya ukimzoea. Ukinyamaza kidogo, upepo utapita. Mama naye anasema umwachie Mungu.

Mdogo wako,
Bwana Stoo


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua ya mtoto mpe maji mengi na umwache alale, usimnunulie dawa za dukani. Mama nimempigia. Hajasema nimwachie Mungu. Alichosema ni, "Mwambie huyo aache kunitia maneno mdomoni mwangu, meno yenyewe yamebaki machache." Magoti nitakuja kuyakanda Jumapili, wewe ukiwepo au ukijificha.

Sasa hesabu. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ipo 117 na inafuata 119. Toka lini? Nilikufundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa, na hata ulipokuwa na miaka minne hukuwahi kuruka namba. Namba iliyokosekana ndiyo ninayokuuliza. Umenijibu bila kujua umenijibu.

Umesema niliyesaini ni mimi. Kweli. Nilisaini, na nitakueleza kosa langu kwa ukubwa wake, lisipunguzwe wala lisiongezwe.

Jumatatu, tarehe 3 Februari, tulitoa uboho wa watoto wale wawili. Vioo vinne vya huyu, vinne vya yule, vyote vinane rafu moja ya chuma. Vikazamishwa. Vilipotolewa, namba zote zilikuwa zimebaki kwenye spiriti. Fundi wetu wa maabara, Mzee Lenzi, akaandika upya kwa kukumbuka mpangilio: vinne vya kushoto vya mtoto wa fundi cherehani, vinne vya kulia vya mtoto wa dereva. Hakujua kwamba aliyeianika rafu ikauke alikuwa ameigeuza. Ndivyo walivyobadilishana ugonjwa, watoto wa watu.

Langu ni hili. Mashine ya kuhesabu damu ilikuwa mbovu, vipimo vikatumwa nje, majibu yangerudi Jumatano. Nilipaswa kuyasubiri. Miaka kumi na tisa nawaambia wanafunzi: kioo na hesabu visipokaa meza moja, usisaini. Jumanne benchi lilikuwa limejaa, nikasaini. Majibu yakaja, yakalala kwenye faili siku nane. Tarehe 13 Februari nikayafungua. Chembe za kugandisha damu, mtoto wa fundi cherehani laki mbili na arobaini elfu, mtoto wa dereva elfu kumi na tisa. Saratani ile huzimaliza chembe hizo, nikajua pale pale. Kioo kile na hesabu ile haviwezi kuwa vya mtu mmoja. Siku hiyo hiyo nilisimamisha dawa, nikamtafuta dereva mpaka akapatikana, nikatoa uboho upya, nikaandika taarifa ya kujishtaki mwenyewe. Hakuna aliyenifumania. Taarifa wanayonishitakia leo niliiandika mimi.

Siku nane ni zangu. Nazibeba mbele ya kamati na mbele ya wazazi wao. Lakini wino si wangu, na sitaubeba.

Usidhani nalilia cheo. Mwaka nilioanza kliniki ile, katika kila watoto kumi wenye saratani ya damu tulizika tisa. Mwaka jana tulizika wanne. Nimefundisha madaktari bingwa kumi na mmoja, na vioo nilivyosoma kwa jicho hili nimeviandika vyote: elfu sitini na moja, mia tatu na tano. Hakuna aliyenishika mkono kunipandisha ngazi hiyo. Sitashuka kwa sababu mtu amependa kalamu zenye kifuniko cha bluu.

Na jambo moja la mwisho, ambalo naona hujalifikiria. Maka peni bado zinatumika.

Ipo wapi 118?

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini u mzima, maana wasiojibu barua kwa siku ishirini huwa wagonjwa au wamepandishwa cheo. Wifi ameniambia ni hilo la pili. Tangu tarehe 17 Machi wewe ni mkuu wa ununuzi, una ofisi ya ghorofa ya pili na kiti kinachozunguka. Hongera. Unazunguka kuelekea upande gani?

Jumapili mbili nimekuja kwa Mama, mara zote mbili umetoka dakika chache kabla. Mara ya pili chai yako ilikuwa bado ina mvuke. Niliinywa.

Jana Mzee Lenzi alikuja kunisalimu. Anaficha penseli kwenye soksi. Mtu wa miaka hamsini na nane, anaingia kazini na penseli kwenye soksi kama mfungwa, ili aandike namba za wagonjwa sawasawa. Lakini anakaa zamu siku tatu tu kwa wiki. Siku nyingine wanaandika kwa maka peni, namba zinatoka, wanaandika tena kwa kukumbuka. Wiki iliyopita vioo sita vilikosa mwenyewe. Akaniuliza, "Profesa, siku ambazo sipo, nimwombee nani asije akachanganywa?"

Sitaandika barua ya tatu ya kuuliza kitu kile kile. Ipo au umeichoma?

Dada yako


Jumamosi, 5 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi. Sisi tupo, mafua yameisha. Samahani kwa kukaa kimya. Nimeanza barua hii mara nne, na hii ya tano nimeiandikia stoo ya zamani, nimekaa juu ya boksi la glavu, kwa sababu kule ghorofa ya pili kila mtu anapita anachungulia.

Sikuichoma.

Ilikuwa tarehe 14 Februari, kesho yake baada ya taarifa yako. Mkurugenzi aliniita, akafunga mlango. Hakunitisha, dada. Ungependa nikwambie alinitisha, lakini alinikaribisha juisi. Akauliza kama kuna karatasi yoyote inayohusu kalamu. Nikasema ipo moja. Akasema, "Stoo safi ni ile isiyo na karatasi za zamani." Basi, hilo tu. Nilitoka mle nikaelewa. Nikaichomoa kwenye faili, nikaiweka ndani ya shati. Ukurasa wa daftari nikauandika upya bila barua yako, nikaubandika. Nilidhani ni werevu, kumbe nimesahau kubadilisha namba zinazofuata. Ulipoandika habari ya vifuniko vya chupa nilitamani ardhi ipasuke.

Ipo ndani ya sanduku letu chini ya kitanda, kati ya vyeti vya watoto. Wifi yako hajui. Mwezi mmoja baadaye nikapewa cheo. Sikuomba, dada. Lakini sikukataa.

Nimeongea na mkurugenzi juzi kuhusu wewe. Yuko tayari kumaliza vizuri. Uandike ukurasa mmoja tu kwamba kosa lilikuwa la kusoma vioo, unaomba radhi. Cheo cha profesa kinabaki, mshahara unabaki, unaendelea kufundisha darasani. Kliniki ndiyo anampa mwingine. Anasema pia ataangalia suala la kalamu baadaye, taratibu, watu wakishasahau. Dada, si mbaya. Una miaka hamsini na sita. Umechoka, mimi nakuona. Utapumzika, mimi nitabaki na kazi, Mama hatatuona tunagombana.

Nikisimama mbele ya kamati na ile karatasi, mimi ndiye nitakayekuwa nimeiba nyaraka. Wataniuliza ilikuwa wapi wiki saba. Nitasema nini? Kati ya vyeti vya watoto? Nina watoto wanne. Mimi si wewe. Wewe ukidondoka unaangukia kwenye vitabu, mimi nikidondoka naangukia sakafuni.

Nakuomba ufikirie, na usinichukie.

Mdogo wako


Jumatatu, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nimefurahi mafua yameisha. Nakushukuru kwa neno moja katika barua yako, lile la "sikuichoma." Hayo mengine nayajibu hapa chini.

Ukurasa wa radhi sitauandika. Nikisema kosa lilikuwa la kusoma tu, maana yake kalamu hazina tatizo, na zikiwa hazina tatizo hakuna atakayezitoa. "Taratibu, watu wakishasahau." Vioo hivyo huzamishwa kila siku asubuhi. Kwa hesabu za Mzee Lenzi, siku ambazo hayupo vinapita kama sabini kwa siku. Zidisha mwenyewe na "taratibu" yake.

Jana nilikwenda kwa yule mama fundi cherehani. Sikutuma mtu, sikupiga simu kwanza. Nilimkuta chumbani kwake kwenye mashine, mtoto amekaa chini anapanga vifungo kwa rangi. Nywele zimeanza kuota, fupi kama za kitoto kichanga. Nikamweleza yote: rafu, wino, siku zangu nane. Alinisikiliza bila kusimamisha cherehani. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Profesa, mwanangu alitapika siku tisa nikawa namwambia vumilia, daktari anajua. Sikusamehi leo. Labda mwaka mwingine."

Nikasema, "Haki yako."

Akauliza, "Hizo kalamu wameshazitoa?"

Nikasema bado.

Ndipo akasimamisha mashine. "Sasa umekuja kwangu kufanya nini? Si uende kule!"

Atakuja Alhamisi. Ameniambia atakaa kwenye benchi la nje la chumba cha kamati, hata wakimfukuza. Dereva wa lori yuko safarini, lakini mkewe atakuja. Mtoto wao yuko wodini, wiki ya saba ya dawa, anakula. Anayemtibu ni mwanafunzi wangu wa tisa, na anasubiri hesabu ndipo anasaini. Nilimuuliza.

Kuhusu wewe. Umesema nikidondoka naangukia kwenye vitabu. Nani alivitandika hapo? Niliosha vioo miaka sita, nikasoma kwa kukaa kwenye ngazi za maabara kwa sababu chumba tulichopanga kilikuwa na kitanda kimoja na wewe ndiye uliyekuwa unakilalia. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwa sababu unazungumza kana kwamba mimi nilizaliwa sina cha kupoteza. Tumezaliwa chumba kimoja.

Wala sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa nimeshamtuma wakili kwenye sanduku lako.

Woga wako hauna ubaya, nami ninao. Watakuuliza karatasi ilikuwa wapi wiki saba. Wajibu ukweli, kwamba uliichomoa, ukaogopa, ukaihifadhi, ukairudisha. Wanaweza kukushusha cheo. Wanaweza kukufukuza. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Ila mtu aliyeirudisha kwa mkono wake ana cha kusema, na aliyekutwa nayo hana. Tofauti yenyewe ni siku tatu kuanzia leo.

Nitakachofanya Alhamisi saa tatu asubuhi nakwambia mapema ili usiseme nimekuvizia. Nitaanza na kosa langu, siku nane zote, kabla hawajaniuliza. Kisha nitaeleza wino. Nitaomba beseni la spiriti, kioo kimoja na maka peni, nizamishe mbele yao, namba itoke wakiitazama. Halafu nitasema barua yangu ilipokelewa stoo tarehe 9 Januari saa nane mchana, ikapewa namba 118, na aliyeipokea ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nitasema hivyo ukiwa umekaa pembeni yangu na karatasi mkononi, au kiti chako kikiwa kitupu. Jina lako halitaachwa nje kwa sababu ya Mama, wala kwa sababu ya watoto wanne ninaowapenda. Mama nimeshamwambia. Akauliza kamati inaanza saa ngapi.

Wanaweza kunifukuza hata ukija. Mkurugenzi ana watu wanne kati ya saba kwenye meza ile, nimewahesabu. Lakini kura hazirudishi namba kwenye kioo, na mama wawili watakuwa mlangoni wakisikia.

Kwa hiyo usiniandikie habari za afya, usinitumie salamu za mtu, usiniambie simu ilikuwa na tatizo la chaji. Usiniandikie "tutaona" wala "niombee." Wifi atapita kwangu keshokutwa, Jumatano tarehe 9, saa kumi jioni. Mpe karatasi yenye neno moja, kwa mwandiko wako, na tarehe juu yake.

Unakuja Alhamisi na barua namba 118, ndiyo au hapana?

Dada yako